Chozi Si Kutikisika

Kwenye jumba lile watu walikuwa wakija kula samaki na kutazama picha zinazopumua.

Zamani lilikuwa ghala la bandari. Mwenyewe, mchoraji aliyechoka kubeba picha zake mlango kwa mlango, alilipaka chokaa, akaning'iniza taa, akatandika vitambaa vyeupe mezani, na mwisho wa ukumbi akasimamisha fremu mbili za mbao, kila moja kubwa kama mlango. Mbele yake wafanyakazi walimwita Bosi. Nyuma yake walimwita Bosi Rangi.

Katika fremu ya kwanza aliketi mzee mwenye koti la unahodha. Alikuwa mchukuzi wa mizigo gatini mpaka mgongo ukamkatalia, na meli zote alizozijua alizijua kwa nje, lakini jikoni walimwita Kapteni, naye aliitika. Katika fremu ya pili aliketi mwanamke waliyempa jina la Kimya. Mikono juu ya mapaja, kidevu juu kidogo, gauni limetiwa wanga mpaka likawa gumu kama bati. Chini yake palikuwa na kibao: Mwanamke Anayesubiri.

Sheria ilikuwa fupi. Kila Jumapili mchana, tangu supu mpaka keki, picha hazitikisiki. Kupumua ruksa, kupepesa macho ruksa. Kingine chochote ni kuvunjika. Mgeni anaweza kusema analotaka, mradi asivuke kamba. Atakayeivunja picha anagonga kengele ya shaba iliyotolewa kwenye meli chakavu, anapigwa picha pembeni ya fremu, na picha yake inatundikwa ukutani karibu na mlango, kila aingiaye amwone. Watu wazima na heshima zao waliwahi kulia kama paka mbele ya kamba ile kwa ajili ya ukuta ule.

Kimya alianza kama muosha vyombo. Siku moja Bosi Rangi alimkuta dirishani na sahani mkononi, ametulia hivi kwamba nzi alikuwa akitembea kwenye ukingo wa sikio lake bila wasiwasi.

"Umejifunzia wapi kukaa hivyo?"

"Nimezaliwa hivi, Bosi."

Alidanganya. Alijifunzia wodini, juu ya kiti cha chuma, mwanawe amelala juu ya mkono wake. Mtoto alikuwa na kifua kibovu, na mkono ukisogea tu anaamka akikohoa mpaka midomo inageuka rangi. Basi hakuusogeza. Ukifa ganzi, anauacha ufe. Kimya alimwita mtoto Pindo, kwa sababu tangu alipojua kusimama alikuwa akishika pindo la gauni la mama yake, hata akienda chooni, hata akienda kuteka maji. Alipomzika, jina lile halikutajwa tena nyumbani. Nyumbani kulikuwa na yeye na mdogo wake tu, na hawakuambiana kulinyamazia. Kila mmoja alilipisha tu, kama mtu anavyokipisha kidonda.

Sasa msimu ulikuwa unaisha. Bosi Rangi alitangaza kwamba atabakiza fremu moja, na picha itakayobaki nzima itapewa chumba cha juu ya jikoni, chenye dirisha linalotazama winchi za bandari. Wakivunjika wote wawili, chumba kitakuwa stoo ya viti.

"Mimi nina pa kulala kwa mwanangu," Kapteni alisema. "Ananichukia, lakini paa lake halivuji. Chumba hicho chako, binti."

Na kweli Kimya alikitaka kama mwenye kiu anavyotaka maji. Alikuwa akilala sebuleni kwa mdogo wake, na mdogo mtu alikuwa anaolewa, nyumba inarudishwa kwa wenyewe. "Dada, tafuta pa kuweka godoro lako mapema," alikuwa ameambiwa, bila ubaya, kama mtu anavyokumbushwa kuanua nguo kabla ya mvua.

Jumapili ya mwisho ilipofika, Kapteni alikohoa kabla supu haijapoa. Kama kilikuwa kikohozi au huruma, hakusema. Fremu yake ikafunikwa shuka, akapelekwa jikoni kumenya viazi. Kimya akabaki peke yake, na kazi moja tu: kufika kwenye keki.

Hapo ndipo alipoingia mdogo wake.

Alivaa gauni la kijani ambalo Kimya mwenyewe alikuwa amelipinda juzi, akiwa amepiga magoti sakafuni na pini mdomoni. Hakuwa amesema linavaliwa wapi. Alikuja na mchumba wake, na mbele yao alitangulia mama wa mchumba, mwanamke mpana, mwenye mkoba mkubwa, anayeingia mahali kama aliyekuja kukagua. Yeye ndiye aliyechagua kulia pale, na yeye ndiye aliyechagua meza ya karibu na kamba.

"Mwekee mkwe wangu kiti kizuri," alimwambia mhudumu. "Huyu ni yatima. Mtoto pekee, hana kaka hana dada, hana hata wa kumshikia mkoba. Mimi ndiye mama, mimi ndiye shangazi, mimi ndiye ukoo mzima."

Mdogo mtu alitazama menyu.

Ndani ya fremu Kimya alivuta pumzi, akaitoa. Kupumua ruksa. Alimtazama mdogo wake akikata samaki vipande vidogo kuliko alivyowahi kukata nyumbani, akicheka kwa mdomo uliofungwa, na akaelewa kwamba yeye, dada mtu, alikuwa ameshazikwa, na kwamba matanga yalikuwa yameisha bila yeye kualikwa.

Mama mkwe alipomaliza samaki aligeuza kiti.

"Hebu tuone hii picha. Pua yenyewe kama imekaliwa. Wewe, unasubiri nani? Kama ni mume, amekwishaoa. Kama ni meli, imezama."

Meza za jirani zikacheka. Mwanawe akainuka, akachezesha kichwa cha samaki juu ya uma, kikasema kwa sauti nyembamba, "Nioe, nioe, nimechoka kusubiri." Watu walishika mbavu. Kimya alipepesa macho.

"Kaa chini, umeshindwa," mama alimwambia mwanawe. "Zamu ya mkwe."

"Mimi siwezi, mama."

"Huwezi au hutaki? Kwetu mwanamke asiye na ulimi anaozea mezani. Simama nikuone."

Mdogo mtu akasimama. Akaja mpaka kwenye kamba, harufu ya manukato ya kuazima ikamtangulia. Wakatazamana. Alikuwa na maneno yote ya duniani ya kuchagua. Angeweza kuimba. Angeweza kutukana, na dada yake angemshukuru. Akageuka kuangalia kama mama mkwe anatazama. Alikuwa anatazama.

"Pindo ameamka," mdogo mtu akasema, taratibu. "Anakuita. Anauliza mkono wako umeupeleka wapi."

Hakuna kidole kilichosogea. Kidevu kilibaki pale pale. Lakini jicho la kushoto lilijaa, likashindwa, na chozi likashuka kwenye poda, likaacha mfereji mpaka kwenye taya, likaning'inia, likadondoka juu ya wanga kwa kishindo kidogo kama cha punje ya mchele.

Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyegonga kengele.

Ukumbi ukawa baraza la wazee. Mwanamume wa meza ya dirishani alisema chozi ni kutikisika, kwa sababu kitu kimetoka ndani kikaenda nje. Mwenzake akasema hata ukuta unatoa maji, na hakuna aliyewahi kusema ukuta umetembea. Mwingine akauliza, na jasho je. Keki zilikuwa zimeshaletwa na hakuna aliyezigusa. Wakati wote huo Kimya aliketi, chozi la pili likipita njia ya la kwanza, akingoja kuambiwa kama ana pa kulala.

Bosi Rangi alikuja na leso begani, akainama, akamtazama usoni kwa karibu kama anayekagua kitambaa dukani. Uso wake ulikuwa umechangamka.

"Chozi si kutikisika," akasema. "Picha haijavunjika. Lakini na kengele imegongwa kwa haki, maana kitu kama hiki sijawahi kukiona. Dada, sogea karibu na fremu upigwe picha yako."

Mdogo mtu akasogea, akatabasamu, taa ya kamera ikawaka. Mama mkwe alipiga makofi mpaka bangili zikagongana.

Baadaye Bosi Rangi alimvuta pembeni. "Ulimwambia neno gani?"

"Neno tu."

"Neno lina jina lake."

Mdogo mtu akatazama mlangoni, ambako watu wake walikuwa wanamsubiri. Akampa.

Jioni ile, nyumbani, alivua viatu, akakaa kwenye mkono wa kochi.

"Umepata chumba, dada."

"Nimepata."

"Basi yameisha vizuri. Wewe chumba, mimi ukuta. Mama mkwe amenishika mkono mpaka kwenye gari."

"Ulikuwa na maneno mengi ya kusema."

"Mengine yasingefanya kitu. Unajijua mwenyewe ulivyo."

Kimya alikuwa anakunja shuka lake. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena. "Na hayo ya kwamba huna dada?"

"Hayo nilisema zamani, kabla sijajua wataniuliza tena," mdogo mtu alijibu. "Uongo wa zamani haugeuzwi, dada. Ni kama chapati ya jana, ukiigeuza inavunjika."

Akahamia chumba cha juu. Kilikuwa na kitanda, kiti, msumari wa kutundikia gauni, na dirisha kama alivyoahidiwa. Winchi zilinyanyua makontena asubuhi mpaka jioni, na honi za meli zikitikisa kioo. Kilikuwa chumba kizuri. Hilo lisemwe.

Jumapili ya kwanza ya msimu mpya akakuta kibao kimebadilishwa. Kilisema: Mwanamke Anayelia. Keki zilipotoka, Bosi Rangi akagonga glasi kwa kijiko, ukumbi ukanyamaza, akaenda kwenye kamba akasema, kwa sauti ya mtu anayefungua pazia, "Pindo."

Chozi likamwagika. Watu wakashusha pumzi, kuna mama mmoja alifuta macho yake kwa kitambaa cha meza. Bosi Rangi alirudi jikoni akisugua mikono.

Jumapili nyingine ikawa vivyo hivyo. Kisha neno likatoka mikononi mwake, maana neno halina kufuli. Wahudumu waliwafundisha wageni wanaowapenda. Wageni waliwafundisha watoto wao, na watoto wakaja kwenye kamba wakaliimba kwa zamu, Pindo, Pindo, mmoja akitafuna. Mpishi naye akalichukua: sufuria ikifurika anasema, "Leteni kitambaa, hii inalia pindo." Hakuwa na nia mbaya. Alidhani ni neno la sanaa.

Usiku mmoja Kimya alikaa kwenye kiti chake dirishani akalisema mwenyewe, polepole, kama anayejaribu maji kwa kidole. Akangoja. Alitaka uso wa mtoto. Ulikuja uso wa yule mtoto anayetafuna.

Jumapili iliyofuata akakauka machozi. Bosi Rangi alisimama kwenye kamba akasema mara moja, akasema tena, akasema kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo ikatoka, na picha ikamtazama kwa macho makavu kama vijiwe. Wageni walirudia keki zao. Alimfuata Kimya jikoni, gauni bado mwilini mwake.

"Picha isiyolia ninazo nyingi stoo," alisema. "Na zile hazilali kwenye chumba cha juu."

Kapteni aliacha kiazi. Bosi Rangi alipoondoka, mzee aliingiza mkono mfukoni akatoa kikopo cha dawa ya kuchua, ile anayojipaka mgongoni.

"Kidogo sana, chini ya jicho, juu ya poda," akasema. "Jifanye unapangusa jasho kabla hujaingia kwenye fremu. Joto la taa litaiyeyusha polepole, na keki zikitoka itakuja yenyewe."

"Na wakijua?"

"Wajue wapi? Watu hawa, binti, hawakuja kuangalia kama unalia kweli. Wamekuja kuangalia unavyolia."

Ikafanya kazi. Machozi ya dawa yalikuwa manono kuliko ya kwanza, na Bosi Rangi alisema hata rangi yake ni nzuri zaidi.

Mdogo mtu aliolewa. Kimya hakualikwa, naye hakuuliza. Mvua zilikuja zikaisha, na Jumapili moja mama mkwe akarudi, safari hii na shoga yake, kumwonyesha ukuta. Nyuma walikuwa mwanawe na mkwe. Mdogo mtu alikaa mgongo ukiielekea fremu. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Hakula.

Walikula mpaka keki zikaletwa. Hapo shoga akainuka kwenda mlangoni kuitazama picha ya ukutani, miwani juu ya pua. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa maneno machache, wale ambao maneno yao machache yanatosha kuvunja nyumba.

"Ni nzuri," akasema. "Ila mbona mkweo mmempiga akiwa na kioo?"

"Kioo gani?"

"Si huyu hapa, na huyu hapa. Paji moja. Masikio haya, tazama yalivyochongoka juu. Poda inaficha pua, haifichi masikio. Hawa wametoka tumbo moja, shoga."

Mama mkwe aliisogelea picha. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama chochote ambacho hakiliwi. Kisha akageuka, akavuka ukumbi, mkoba kwapani, akasimama kwenye kamba.

"Wewe picha," akasema. "Huyu mwanamke ni nani wako?"

Bosi Rangi alikuwa tayari ameinua glasi yake, akaiacha hewani.

Mdogo mtu aligeuka. Uso wake wote ulikuwa unaomba, na mkono wake ulikuwa umeshika pindo la kitambaa cha meza na kulisokota. Neno moja lingetosha. Simjui. Hata kutikisa kichwa kungetosha. Ukuta ungepata uso mwingine, chumba kingekuwa stoo ya viti, na mdogo wake angerudi kwake na tumbo lake na uongo wake wa zamani. Kimya alilitazama lile neno ndani ya kinywa chake. Lilikuwa pale, limeiva, linangoja kuchumwa.

Akapumua. Akapepesa macho. Sheria ni sheria.

Na hapo dawa ikaanza. Alikuwa ameipaka kama kawaida, kwa saa yake, kwa ajili ya keki. Jicho la kushoto likajaa, likashindwa, na chozi nono likashuka kwenye poda mpaka tayani.

"Basi," mama mkwe akasema. "Ameshajibu."

Ukumbi ukapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho, na wengi wakasema ndiyo Jumapili bora kuliko zote.

Siku chache baadaye, mchana, ngazi za nyuma ya jikoni zililia moja moja. Mdogo mtu alisukuma mlango kwa begi.

"Wamenirudisha," alisema akihema. "Mama mkwe anasema, aliyemzika dada yake akiwa hai, mkwewe atamzika lini. Mume wangu alikuwa amesimama pale pale, dada. Anakula chungwa."

Kimya alikuwa kwenye kiti chake dirishani, anashona kifungo. Aliweka sindano kwenye kizingiti cha dirisha. Akaweka mikono juu ya mapaja. Akainua kidevu kidogo.

Mdogo mtu alicheka, kicheko kifupi. "Usinifanyie kazi yako ya fremu, bwana. Mimi siyo mgeni. Sitaki kitanda, nipe hata pembeni, hapo chini ya gauni lako lililotundikwa."

Winchi ikanyanyua kontena, ikaligeuza taratibu juu ya maji.

"Dada."

Akaweka begi chini. Akaeleza upya yote, tangu uongo wa kwanza, na safari hii aliueleza vizuri, bila chapati, bila mzaha. Alisema alikuwa anaogopa. Alisema siku ile kwenye kamba alitafuta neno lingine akalikosa. Kisha akapiga magoti kwa shida kwa ajili ya tumbo, akashika pindo la gauni la dada yake kwa mikono miwili, akalia kilio ambacho hakina dawa, na ndani ya kilio kile akalitaja jina la mtoto. Tangu jumba lile lilichukue jina hilo, hapo ndipo mtu mwingine alipolitaja kwa kumlilia mwenye jina.

Kimya alisubiri lije. Alitazama ndani kabisa, kule kwenye kiti cha chuma, kwenye mkono uliokufa ganzi. Hapakuwa na mtu.

Akapepesa macho.

Mdogo mtu alikaa pale sakafuni mpaka kivuli cha winchi kikavuka chumba. Halafu akainuka, akapangusa magoti, akachukua begi lake, akashuka ngazi, moja moja, akipumzika katikati. Chini, Kapteni alisikika akimuuliza kama anataka maji, kisha mlango wa nyuma ukasikika ukifungwa.

Juu, hapakuwa na kamba, wala keki ya kumaliza zamu, wala mtu wa kugonga kengele. Kimya aliendelea kukaa.